Gauni Lililochovywa Chai

Bogna alipofungua mlango wa chumba cha mavazi cha studio ya filamu, cha kwanza kumpokea kilikuwa harufu ya chai. Si chai ya kunywa, ya kikombe kimoja na kipande cha limau, bali chai ya beseni zima, nzito, kama vile mtu ameipikia msiba. Alikuwa ametoka kiwandani mbio, zamu ya asubuhi ilipokwisha tu, na theluji ilikuwa bado kwenye kola ya koti lake. Akatupa macho huku na huku kulitafuta gauni la mama yake. Akaliona. Lilikuwa limetundikwa karibu na bomba la joto, na rangi yake ilikuwa ya mkate uliosahauliwa jikoni.

Akalisogelea, akaligusa.

"Seweryn," akaita kwa sauti ndogo. Akaita tena. "Seweryn!"

Seweryn Gawroński akatokea nyuma ya pazia, mrefu, mikono ya sweta ameipandisha, kile kioo chake cheusi kikining'inia shingoni kwa uzi. Wapiga picha wa filamu huchungulia kwenye kioo kama hicho ili waione dunia bila rangi zake. Uso wake ulikuwa umejaa furaha hadi masikioni.

"Umekuja! Bogna, laiti ungekuwepo leo! Mara mbili tumekosa, mara ya tatu—"

"Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii, Seweryn. Hii hapa."

Akalitazama gauni, akamtazama yeye, kisha akalitazama gauni tena, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Chai," alisema.

"Umelitia chai gauni la mama yangu."

"Tunatia kila kitu cheupe. Mashuka, mashati ya madaktari, vitambaa vya meza. Cheupe tupu mbele ya taa kinakuwa kama dirisha lililoachwa wazi. Huoni nguo, huoni mshono, unaona shimo la mwanga linatembea na kichwa cha mtu juu yake. Lazima ukipunguze makali. Nilidhani unajua."

"Nijulie wapi? Mimi nakagua vitambaa! Kutwa natafuta madoa. Nikikuta doa la ukubwa wa kiroboto narudisha jora zima. Na wewe umenipa doa la gauni zima, lina mikono na pindo!"

"Inatoka, mpenzi. Ukilifua inatoka."

"Kwenye pamba inatoka. Kwenye hariri ya miaka ishirini na mitano nani kakuambia inatoka?"

Seweryn akalishika pindo, akalisugua kwa kidole gumba. Kusugua kule ndiko kulikomtisha Bogna kuliko chai yenyewe.

Gauni lile halikuwa gauni la hivi hivi. Hariri yake ilifumwa na baba yake Bogna, marehemu Hieronim, kwenye mtambo wa miguu uliokuwa chumbani mwake, majira ya baridi mazima, ili Leokadia, mama wa Bogna, aolewe nalo. Miaka mitatu baada ya harusi vita vikaja, na Hieronim akaenda asirudi, hata kaburi halikujulikana. Gauni likakaa nyuma ya ukuta, ndani ya mkebe wa biskuti, likapona mabomu, likapona njaa. Wakati wengine wanauza hadi pete, Leokadia hakuliuza. Kwa Bogna, ambaye baba yake hamkumbuki hata kikohozi, gauni lile ndilo lilikuwa baba.

Na yeye Bogna ndiye aliyeliiba. Tuliite jina lake, ni wizi. Jumatano pasi ilikuwa imeunguza gauni la bibi harusi wa filamu, na yale ya dukani yalikuwa ya nailoni, yanang'aa kama bati la paa. Seweryn alikuwa ameshika kichwa. Bogna akamhurumia, mapenzi tena, akasema, "Mama analo." Kuomba hakuthubutu, maana jibu alilijua. Basi Alhamisi alfajiri, mama yake akiwa anafunga viatu, akalitia kwenye mfuko chini ya koti, akalipeleka studio kabla ya zamu.

Mama Leokadia hakumpenda Seweryn tangu siku ya kwanza. Miezi minne nyuma watu wa filamu walikuja kupiga picha kiwandani, na wafumaji wote wakaja na vilemba vyeupe walivyovipiga pasi usiku kucha. Kijana huyu akapita katikati yao akiwaomba wavivue, wafunge vya njano. Vya njano! Leokadia alikivua chake kwa heshima, akakikunja mara nne, akasema mbele ya watu wote, "Nimefuma nyeupe miaka thelathini. Leo amekuja wa kuniambia nyeupe haifai." Usiku ule Bogna alikuwa na mawili kifuani: aibu ya mama yake, na macho ya yule kijana yaliyomwangalia juu ya mtambo kana kwamba hajawahi kuona mtu.

"Nisikilize," Bogna alisema sasa, akilishusha gauni. "Leo silirudishi. Utalificha kwako. Jumapili mama akienda kanisani nitalifua polepole. Hatajua."

"Hapana," Seweryn alisema.

"Hapana nini?"

"Twende tukamwambie. Sasa hivi."

"Umerukwa na akili? Ameshasema mara ngapi kwamba kazi yako ni kudanganya macho ya watu? Ukienda na hili mkononi, mimi na wewe ndiyo basi! Umeharibu nguo, unataka kuharibu na nyumba?"

"Nikilificha, nitakuwa mwongo kweli kama anavyosema." Aliongea taratibu, lakini midomo ilikuwa imempauka. "Bogna, mimi namtaka mama yako anikubali. Simtaki adanganyike anikubali. Kosa la kuchovya ni langu. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa! Wewe unaona kila kitu, Seweryn. Unaona wingu dakika kumi kabla halijafika. Watu tu ndio huwaoni."

Neno lile lilimchoma, Bogna aliliona likimchoma. Alichukua koti, akalikunja gauni kwa uangalifu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akamfungulia mlango.

Kwenye tramu Bogna alitazama kioo cha dirisha kilichoganda barafu, akifikiri kwamba labda hii ndiyo safari yao ya mwisho pamoja, na ameipoteza kwa kununa.

Siku ile ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo nyumba isiyokaanga maandazi ya jamu watu huiulizia kama imefiwa. Mama Leokadia alikuwa jikoni, aproni imejaa unga, mafuta yanaimba kwenye sufuria. Ni mwanamke mwembamba, wima kama sindano, na miwani yake ilikuwa minene, maana mitambo ilikuwa imekwisha kula macho yake.

"Ooo," alisema bila kugeuka, "nasikia viatu vya watu wawili. Vya pili ni vya yule wa vilemba vya njano."

"Habari za jioni, mama," Seweryn alisema. Akataka kuubusu mkono wake kama ilivyo adabu, Leokadia akauficha chini ya aproni.

"Mimi si mama yako. Una mama yako, msalimie. Na mkono huu una mafuta."

"Samahani. Bi Leokadia, nimekuja kukiri kosa."

"Kakiri kwa padri. Mimi nakaanga."

"Mama," Bogna akadakia, na machozi tayari yamefika, "mimi ndiye nililichukua. Gauni lako. Nililiazima bila kukuomba."

Leokadia akaitoa sufuria motoni kwanza. Kisha akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akainyoosha. Seweryn akamwekea gauni juu ya mikono ile.

Alilisogeza karibu na miwani. Akalinusa.

"Chai," alisema.

"Chai," Seweryn alisema. "Mimi niliamuru. Bogna hakujua."

"Vita vilipita hapa," Leokadia alisema polepole, "na havikulitia doa. Wanajeshi walilala kwenye chumba hiki, hatua mbili kutoka ukuta ule, na hawakulitia doa. Mpaka umekuja wewe na birika."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Jitetee basi, mwanamume mzima!"

"Sina cha kujitetea. Ningekuuliza, ungekataa, na ungekuwa na haki." Alimeza mate. "Ila nilipoligeuza karibu na dirisha niliyaona maua, nikataka watu nao wayaone. Likiwa jeupe yasingeonekana hata moja."

Leokadia aliinua uso. Ule ukali ulikuwepo bado, lakini kulikuwa na kitu kingine nyuma yake, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.

"Nani kakuambia kuna maua?"

"Hakuna. Niliyaona. Maua ya mtofaa, meupe juu ya meupe. Mwanga ukija kwa mbele hayapo. Ukija kwa ubavu, yanatoka."

"Bogna, ulimwambia?"

"Mama, mimi mwenyewe nayajua kwa vidole tu. Sijawahi kuyaona."

Mama yake akaketi kwenye kigoda. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya hariri, vinatafuta, vinapata, vinahama.

"Mara ya mwisho kuyaona nilikuwa na miaka thelathini na nane," Leokadia alisema. "Tangu hapo macho hayayafikii." Kisha akakaza sauti. "Hizo picha zenu mnaziangalia lini?"

"Kesho saa tisa. Maabara inasafisha filamu usiku huu."

"Nitakuja. Nikiyaona maua ya Hieronim kwenye ukuta wenu, tutazungumza. Nisipoyaona, wewe na binti yangu hamjuani. Na wewe, Bogna, usilie. Aliyeiba halii, anangoja hukumu."

"Bi Leokadia," Seweryn alisema, na hakuweza kuficha hofu, "sina hakika kama yametoka. Sijaiona filamu. Niliweka taa moja tu, ya ubavuni, na mwongozaji alinigombeza. Huenda ni giza tupu."

"Basi usingizi mwema," Mama Leokadia alisema, na akarudisha sufuria motoni.

Ijumaa saa tisa walikuwa wanne kwenye kile chumba cha kuonyeshea picha za jana: mama, Bogna, Seweryn, na mzee Alojzy wa mashine ya kuonyeshea picha, aliyechungulia kwenye kidirisha chake akauliza kama huyo mama ni mkaguzi kutoka mji mkuu.

"Mkali zaidi," Seweryn alimjibu.

Mama Leokadia alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alifuta miwani mara mbili, akaketi safu ya mbele kabisa, mfuko wa gauni mapajani. Bogna akakaa pembeni yake. Seweryn hakukaa, alisimama ukutani kama mshtakiwa. Bogna alitaka kumwambia kitu, kwamba la jana lilimtoka kwa hasira tu, lakini taa zikazimwa.

Picha ya kwanza ikaja. Bibi harusi amesimama dirishani, amegeuka, anatazama mlango. Gauni lilikuwepo, safi, jeupe, na halikuwa na kitu. Lilikuwa kitambaa tu. Taa ya mbele ilikuwa imelilamba lote.

Bogna akageuka kumtafuta Seweryn gizani.

Picha ya pili ni hiyo hiyo. Jeupe, safi, tupu.

Mama Leokadia akashika mfuko wake, akaanza kuinuka.

"Chai haionekani, nakubali," alisema gizani. "Doa hakuna. Lakini nilisema maua."

"Kaa, mama, tafadhali," Seweryn alisema. "Hizo mbili ni za mwongozaji. Ya tatu ndiyo yangu."

"Mimi si ma—" Leokadia alianza.

Na ya tatu ikaja.

Kwanza giza, giza laini kama masizi ya chungu. Kisha, kutoka upande mmoja, mwanga ukaingia chini chini, kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Ukagusa shavu la msichana, ukashuka begani, ukafika kwenye hariri. Na hariri ikaamka. Ua moja likajitokeza kifuani, jeupe, na kivuli chake cha kijivu kama manyoya ya njiwa. Ua la pili. Kisha yote kwa pamoja, matawi na majani na vichipukizi, yakitiririka hadi chini, na kila mara msichana alipovuta pumzi bustani nzima ilipumua. Hapakuwa na rangi hata moja ukutani pale, na Bogna aliona kama hajawahi kuona kitu kilichokolea hivyo. Alikuwa anamwona baba yake. Siku zile zote za baridi, mguu kwenye mtambo, mkono kwenye uzi, zilikuwa pale mbele yake, na zilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Aliogopa kumtazama mama yake. Akamtazama.

Mama Leokadia alikuwa amesimama, mdomo wazi, ameshika ukingo wa kiti.

Picha ikaisha, ukuta ukabaki mweupe.

"Rudisha," alisema.

"Mama, hii si santuri," mzee Alojzy alisema kutoka kidirishani.

"Nimesema rudisha!"

Akarudisha. Safari hii Leokadia alisogea hadi karibu kabisa na ukuta, kivuli chake kikaangukia kwenye magoti ya bibi harusi. Ghafla akapiga kelele, Bogna akaruka.

"Pale! Pale pindoni! Simamisha!"

"Nikisimamisha, taa inaunguza filamu!" Alojzy alilia.

"Bogna, wewe mkaguzi, umeona? Ua la tatu kutoka kwenye kona!"

Bogna alikuwa ameliona. Miaka sita ya kutafuta makosa haimpiti mtu. "Lina petali nne, mama. Mengine yana tano. Fundi aliruka uzi."

Na mama yake akaanza kucheka. Alicheka huku miwani ikijaa ukungu, akacheka hadi akalazimika kuketi tena, na Bogna hakujua kama amkumbatie au amletee maji.

"Aliruka uzi," alisema. "Alinitaka mara mbili, nikakataa mara mbili. Baba yangu alisema mfumaji wa chumbani atanilisha pamba. Yeye akaendelea tu kufuma hariri ile, eti nitakubali. Siku moja nikaingia kwake, nikasimama nyuma ya mtambo, nikamwambia, Hieronim, sawa. Alishtuka mguu ukamteleza. Akaniambia, Leoka, umeniharibia ua. Nikamwambia lifumue, akasema halifumui ng'o. Tangu macho yaniishie nalitafuta kwa vidole, nikadhani niliota." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Kumbe sikuota."

Mzee Alojzy alikuwa amefungua mlango wake mdogo, amesimama kofia mkononi.

Bogna akainuka, akamwendea Seweryn pale ukutani. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha reli. Akauchukua, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Jana nilisema huwaoni watu," alimnong'oneza. "Nafuta."

"Usifute lote," alimjibu, na akatoa pumzi ndefu, pumzi ya tangu jana. "Kidogo lilikuwa kweli. Nilipaswa kukuuliza."

"Haya, haya," mama yake alisema bila kugeuka, "macho mabovu, masikio mazima."

Walipotoka ukumbini, Leokadia alilitoa gauni mfukoni, akalikunja upya kwa kulifuatisha mishono, akaliweka kwapani.

"Bi Leokadia," Seweryn alisema, "kuna dobi mzuri wa studio. Nitalipeleka kesho asubuhi."

"Dobi gani? Hariri hii haendi nayo mtu kwa dobi. Nitalifua mwenyewe, maji ya theluji, polepole, mara tano, mara sita. Rangi ikibaki kidogo, ibaki, imeshakuwa ya nyumbani kwetu. Ila liwe tayari kabla ya Pasaka."

Akaanza kushuka ngazi, mkono kwenye reli, kichwa juu.

Seweryn akabaki amekunja uso. "Kwa nini Pasaka? Sisi tumeshamaliza nalo. Hatulihitaji tena kwenye filamu."

Bogna alimtazama. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, chepesi, kimechanganyika na machozi, akajishika ukutani.

"Wewe mtu wewe! Unaona ua la ukubwa wa ukucha gizani, hili huoni? Jumatano Kwaresima inaingia. Kwenye Kwaresima hafungi harusi mtu."

Alisimama pale, kioo chake cheusi shingoni, na Bogna akaona maana ikimwingia polepole, kama ule mwanga wa ubavuni.

"Baada ya Pasaka," alisema.

"Baada ya Pasaka."

"Mnakuja?" sauti ilipaa kutoka chini ya ngazi. "Au tramu inichukue mimi peke yangu?"

Seweryn alishuka ngazi tatu tatu, nusura avunje shingo, akafika chini na kumpa Mama Leokadia mkono ashikilie. Mama Leokadia aliutazama mkono ule. Akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha akamtundikia mfuko mtupu.

"Mfuko beba wewe, mwanangu," alisema. "Gauni nalishika mwenyewe."